Kumtoroka mtoto chekechea hakumzoeshi shule

Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto mgeni chekechea aachwe kimyakimya: mwalimu amshughulishe na midoli, mama achomoke. Asipoona anaachwa, hatalia. Nia ni njema, na kweli dakika zile za kwanza huwa shwari.

Shida huja akigeuka akakuta mama hayupo. Mtoto wa miaka 3 bado anajifunza kwamba anayeondoka hurudi. Akitorokwa, anachojifunza ni kulinda mlango. Kesho yake utamwona kang'ang'ania kanga ya mama tangu getini, midoli haitazami. Kumuaga kwa ufupi humsaidia zaidi: "Naenda kazini, nitakufuata ukimaliza kunywa uji." Saa 5 haijui, uji anaujua. Kisha uondoke kweli, bila kurudi kuchungulia dirishani (hapo ndipo wengi tunaposhindwa), na umfuate kwa wakati uliomwahidi.

Atalia, ndiyo. Kwa kawaida kilio hicho hutulia mapema, na unaweza kuhakikisha mwenyewe: muulize mwalimu alilia mpaka lini, akacheza na nani, kisha linganisha wiki ya kwanza na ya pili. Akilia kutwa nzima kwa wiki kadhaa, kaeni na mwalimu mtafute kinachomsumbua.