Je, wajua kwa nini moshi wa kuni huhifadhi samaki na papo hapo huumiza mapafu?

Mbuta wa moshi anayeuzwa Gikomba, jijini Nairobi, ana ngozi ya kahawia inayong'aa kidogo, na harufu yake hubaki vidoleni hata baada ya kunawa kwa sabuni. Harufu hiyo asili yake ni mti. Kwa sehemu kubwa hutokana na lignini, dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti na kuufanya usimame imara, ambayo ni takriban asilimia 20 hadi 30 ya uzito wa kuni kavu.

Lignini ikipata joto pasipo hewa ya kutosha, hukatikakatika na kutoa kemikali ndogo za jamii ya fenoli, zikiwemo gwayakoli na siringoli. Hizi ndizo zinazompa samaki ladha ya moshi, na zikisaidiana na chumvi pamoja na ukavu, huzuia bakteria kuzaana na mafuta kuharibika. Gwayakoli hiyohiyo ndiyo malighafi ya gwaifenesini, dawa ya kulainisha makohozi, ambayo jina lake utalikuta kwenye vibandiko vya chupa nyingi za dawa ya kikohozi. Ni ukoo wa ajabu, nami naona unastahili kujulikana zaidi.

Madhara huanza joto linapozidi. Vipande vya lignini, pamoja na vya sehemu nyingine za kuni, huungana upya na kuunda kemikali nzito kama benzopirini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeithibitisha kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, hauruhusu izidi mikrogramu 2 katika kilo moja ya samaki wa moshi. Kwa kuwa nyingi yake hukaa juu juu, mlaji anayeibandua ngozi hupunguza kiasi anachokula.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mama anayebanika samaki hao, kwa maana yeye huvuta moshi wenyewe kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kwa kuni, makaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kuni zilizokauka vizuri na dohani inayotoa moshi nje humpunguzia mama huyo mzigo huo, bila kumnyima samaki ladha yake.