Likizo si wakati wa kukagua jengo la shule

Wakuu wa shule wengi hunipigia simu likizo ikiwa imebaki wiki mbili: "Mhandisi, tutengenezee paa watoto wakiwa nyumbani." Nia ni njema, ila tumeshachelewa. Ukibomoa dari siku ya kwanza ya likizo ukakuta kenchi zimeliwa na mchwa, mbao hazijaagizwa na fedha hazijatengwa, muhula utafunguliwa darasa likiwa wazi. Na usipokagua kabisa, jengo litajichagulia siku. Huko England, siku chache kabla ya muhula wa Septemba 2023, shule zaidi ya 100 ziliambiwa zifunge majengo yaliyokuwa na zege jepesi lenye viputo vya hewa, aina inayoweza kuporomoka bila onyo.

Mimi hukagua muhula mmoja kabla, jioni, madarasa yakiwa matupu. Nabeba nyundo ndogo, bisibisi, tochi na chaki. Zege zima ukiligonga hulia kwa ukali; lililoachana na nondo hutoa mlio wa debe tupu, na hapo nazungushia chaki. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo nondo huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Kupiga lipu juu ya ufa wa namna hiyo ni kupaka poda jipu. Zege bovu litolewe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe, ndipo pajazwe upya. Bisibisi ni ya kenchi: naichomeka pale mbao inapolalia ukuta, maana ndipo maji ya paa linalovuja yanapotuama, na ukiwa chini huoni kitu. Ufa mwembamba wa ukutani nauwekea alama ya penseli kwenye ncha, pamoja na tarehe. Nikirudi nikakuta umeipita alama, naanza kuuliza habari za msingi.

Zege jipya hupimwa nguvu yake kamili likiwa na siku 28. Kwa hiyo ratiba naihesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua shule, na zege humwagwa siku za mwanzo kabisa. Rangi inaweza kusubiri.

Kazi nyingine haiishi ndani ya likizo, na hapo ndipo kelele inapotuumbua. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele darasani wakati wa somo isizidi desibeli 35. Wakati mmoja niliruhusu drili itoboe vyumba vitatu mbali na chumba cha mtihani, nikijua umbali unatosha. Msimamizi alikuja, hakusema neno, akanishika mkono akaniwekea kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetema. Mlio wa hewani ulikuwa umepungua kweli, lakini mtikisiko ulikuwa unasafiri ndani ya boriti.

Tangu hapo kazi nazipanga kwa kelele na vumbi, bila kujali ni ya fundi gani. Tindo na drili hungoja wanafunzi watoke, au Jumamosi. Mabati na dari za asibestosi hazikatwi wala kutobolewa kukiwa na mtoto shuleni. Hizo ni za wataalamu wenye vifaa, kwa sababu nyuzi zake huelea hewani muda mrefu. Na lori la mchanga haliingii getini wakati watoto wako nje kwa mapumziko. Hilo sijadiliani na mkandarasi yeyote.