Je, wajua kwa nini ekseli inayoingia vizuri kwenye boliti zote bado inaweza kulivunja gari?

Mwaka jana rafiki yangu wa Mbagala alikatikiwa na ekseli ya nyuma ya pikapu yake ya forwili (inayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne). Akaenda Gerezani, akazunguka madukani kutwa nzima, jioni akarudi na ekseli nzima ya mtumba juu ya kirikuu. Ikafungwa siku hiyohiyo. Springi zilikaa, boliti za propela (lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) zililingana, breki zilishika. Akalitembeza gari mjini wiki tano bila kusikia hata mlio.

Masika yalipoanza akapeleka mzigo Mloka. Akiwa ameshaiacha Kibiti, tope likamkamata, akatia forwili, akatoka. Alipofika pakavu mkono wa forwili ukagoma kurudi. Usukani ukawa mzito, gari likawa linajivuta kana kwamba kuna mtu kakanyaga breki, kisha ukasikika mlio mmoja mkubwa chini ya sakafu. Kiungo cha propela ya mbele kilikuwa kimepasuka.

Ekseli aliyonunua ilikuwa nzima kabisa. Shida ni kwamba haikuwa na hesabu moja na ya mbele.

Ndani ya difu, lile tumbo la chuma lililo kwenye ekseli, kuna gia mbili zinazoumana: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela, na kraunwili, ile kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kraunwili ya meno 41 ikiumana na pinioni ya meno 10, propela inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Meno yakiwa 43 kwa 11, inakuwa 3.9. Kwenye Land Cruiser za familia ya 70 peke yake utakutana na hesabu zote mbili, na ekseli zenyewe ukizilaza chini ubavu kwa ubavu, jicho halikuambii ipi ni ipi.

Kwenye lami gari la namna hii linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo tofauti hiyo haisikiki. Ukitia forwili, transfa, ile giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, inazifunga propela mbili zizunguke sawasawa. Sasa piga hesabu. Tairi lenye mzingo wa mita 2.5 linazunguka mara 400 kwa kilometa moja. Ekseli ya 4.1 inataka propela yake izunguke mara 1,640, ya 3.9 inataka kama 1,564. Mizunguko 76 haina pa kwenda, na hiyo ni kilometa moja tu. Kwenye tope au mchanga matairi yanateleza kidogokidogo na tofauti inaishia hapo. Kwenye ardhi ngumu tairi halitelezi, basi vyuma vinajisokota, gia za transfa zinabanana (ndiyo maana mkono uligoma), mpaka kile kilicho dhaifu kuliko vyote kiachie. Magari yenye difu ya katikati (inayoziruhusu propela mbili zizunguke kwa kasi tofauti), kama Defender, hayabanani hivyo, ila difu hiyo inafanya kazi bila kupumzika safari nzima na inachakaa mapema.

Ndiyo maana fundi makini anahesabu kabla ya kutoa hela, na kazi yenyewe haihitaji mashine, ni kipande cha chaki tu. Kwa ekseli iliyo chini dukani, piga alama kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, na alama nyingine kwenye habu (pale gurudumu linapofungwa) ya upande mmoja. Mwenzako aishike habu ya upande wa pili isicheze. Zungusha habu yako mara 20 kamili, taratibu, huku ukihesabu alama ya flenji inapita juu mara ngapi. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu, hivyo mara 20 zako ni mara 10 za kraunwili. Ukipata 41, ni 4.1. Ukipata 39, ni 3.9. Watu wengi huzungusha mara mbili tu, wakaona "nne na kidogo", wakalipa. Hicho kidogo ndicho kilichompasulia rafiki yangu propela.

Kisha rudi nyumbani ukahesabu na ya mbele kwenye gari lako. Kwa magari ya Toyota kuna kibati chini ya boneti chenye msimbo wa ekseli, lakini kibati kinasema kilichofungwa kiwandani. Gari la miaka 20 limeshapita mikono mingi, na mimi naiamini chaki.

Jambo la pili ni aina ya ekseli. Kwenye magari kama Hilux na Prado, shafti ya ndani, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu, inabeba uzito wa gari na wakati huohuo inasokotwa na injini. Ikikatika vibaya, gurudumu linaweza kutoka nalo. Kwenye pikapu za Land Cruiser za kazi nzito, uzito unabebwa na beringi mbili za habu na shafti inazungusha tu. Utaitambua kwa kifuniko cha duara kilichofungwa kwa boliti katikati ya gurudumu. Shafti ya aina hii ikikatika porini, unaichomoa, unaziba tundu, unatia forwili na magurudumu ya mbele yanakuvuta hadi nyumbani. Kwa mtu anayebeba mizigo kwenda vijijini, mimi sioni sababu ya kuchagua nyingine ikiwa gari lake linaikubali.

Tazama pia tumbo la difu limekaa upande gani. Lazima lielekeane na mdomo wa transfa yako, la sivyo propela italala upande. Omba kuchomoa shafti moja uone meno ya mwisho wake: yakiwa yamenyooka, vizuri; yakiwa yamejipinda kama kamba iliyosokotwa, chuma kimeshachoka na kitakatika.

Wakati wa kufunga, ziko sehemu mbili zinazopuuzwa sana. Ya kwanza ni pumulio, ule mpira mwembamba unaotoka juu ya ekseli. Ekseli ikishapata moto halafu ikaingia kwenye maji ya mto, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kunyonya kutoka popote penye upenyo. Pumulio likiwa limeziba kwa tope, maji yanapita kwenye sili za magurudumu na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Safisha mpira huo, au uweke mrefu uupandishe juu hadi usawa wa boneti. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na beringi.

Ya pili ni yuboliti zinazoshika ekseli kwenye springi. Nunua mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika na hazishiki tena kama mwanzo. Hakikisha kichwa cha boliti ya katikati ya springi kimeingia kwenye tundu lake, maana kikikaa pembeni gari litakwenda mshazari. Kaza nati kwa kupishanisha pembe, kidogokidogo, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Toa upepo kwenye breki, jaza oili ya difu hadi ichungulie kwenye tundu la kujazia. Springi zitajikalisha zikianza kubeba mzigo na nati zitalegea, kwa hiyo zikazwe tena baada ya kama kilometa 100. Ukitoka Dar, ukifika Chalinze paki pembeni, shuka na spana.