Je, wajua kwa nini unagugo dagaa wa Kigoma unaletewa dagaa wa Mwanza?

Juzi mdogo wangu, binti wa mama mdogo, kaja hapa steshenari kwangu Mwanga, Kigoma, simu imebaki asilimia tisa na sura imechoka. "Dada hebu nisaidie, bando la siku nzima limeisha, natafuta kwa nini dagaa wanapungua ziwa letu la Tanganyika, kila nikifungua naletewa Ziwa Victoria." Yuko chuo, ana kazi ya kuandika, na mwalimu kasema anataka maandishi ya watafiti, sio habari za kusikia tu.

Nikamuuliza umeandika nini pale juu. Kaandika: kwa nini dagaa wanapungua.

Sasa hapo ndo pa kuanzia, maana watu wengi tunadhani ukiandika swali gugo inatoka mbio inazunguka dunia nzima kukutafutia jibu halafu inarudi. Hapana. Kazi ya kuzunguka ilishafanyika zamani. Kuna programu zinazopita kurasa za intaneti usiku na mchana, zinasoma, afu zinaandika kwenye daftari kubwa sana, na daftari lenyewe limepangwa kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, kwamba neno hili liko ukurasa huu na huu na ule. Google wenyewe wanasema daftari lao lina kurasa mabilioni kwa mamia. Ukiandika "dagaa" inaenda kwenye mstari wa neno dagaa na kukuletea orodha iliyoko pale, ikishaipanga kwa kubahatisha ipi utaipenda zaidi. Yaani ulichokitafuta sio samaki, umetafuta herufi d-a-g-a-a.

Na hizo herufi ni za samaki tofauti tofauti. Dagaa wa Mwanza kwa watafiti anaitwa Rastrineobola argentea, ndo huyo Kenya wanamwita omena na Uganda mukene. Wa kwetu hapa mwalo wa Kibirizi ni wa ukoo wa sadini, tena ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ukiwaona kwenye sinia wamechanganyika utasema ni mmoja. Mashine hata ikikisia uko Kigoma haijui kwamba kichwani una yule wa kwetu, inaona neno tu, na wanaoandika neno dagaa wakimaanisha wa Victoria ni wengi kuliko sisi.

Afu kuna upande wa pili, samaki wetu mwenyewe ana majina mengine ukivuka maji. Burundi ni ndagala. Kongo utasikia ndakala. Zambia ni kapenta. Ziwa ni moja, nchi nne, na mtafiti aliyekaa Mpulungu kule Zambia akaandika kuhusu kapenta miaka kumi, hutampata kamwe kwa neno dagaa hata ukeshe. Mgebuka vilevile, Burundi wanamwita mukeke, kisayansi ni Lates stappersii, na usiamini kwamba hata jina la kisayansi halibadiliki, maandishi ya zamani kidogo yanamwita Luciolates stappersii. Samaki ni yuleyule.

Kwa hiyo nikampa daftari nikamwambia mdogo wangu weka simu chini kwanza, andika hapa majina yote unayoweza kuyafikiria ambayo mtu MWINGINE angeyatumia kuandika hiki unachokitafuta. Sio maneno yako wewe, ya kwake yeye aliyeandika. Hapa ndo siri ya kazi yote ilipo na mi naisema kwa kila anayekuja hapa, ukijua neno la mwandishi umempata, usipolijua atapita mbele yako na hutamuona.

Mfano mzuri ni ule wa 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hapa mtaani kila mtu alisema "ziwa limefungwa". Nenda kwenye karatasi za serikali sasa, utakuta "kupumzisha shughuli za uvuvi". Ukigugo kwa neno la mtaani unapata habari za mitandaoni na malalamiko ya watu (nayo yana thamani yake, sikatai), ukigugo kwa neno la ofisini unapata tangazo lenyewe na maelezo ya wizara.

Basi akaanza upya. Tukaandika "Stolothrissa tanganicae" ndani ya funga semi na fungua semi. Hizo alama usizidharau. Zinaiambia gugo nataka maneno haya yote, yakiwa yamekaa pamoja, kwa mpangilio huuhuu, usinibadilishie. Bila hizo inajifanya kukusaidia, inaacha neno moja au inaleta linalofanana nalo. Na kama kuna kitu hukitaki unaweka alama ya kutoa mbele yake bila kuacha nafasi, kwa mfano dagaa -Victoria -Mwanza, hapo kurasa zenye maneno hayo zinaondolewa. Ukitaka za serikali yetu tu unaongeza site:go.tz, ukitaka makaratasi ya kitafiti na ripoti unaongeza filetype:pdf, na hapo napo usiache nafasi baada ya zile nukta mbili, ukiacha haifanyi kazi na wengi ndo wanaposhindwa wanasema hizi mbinu ni uongo.

Jibu la kwanza la maana likatoka hapo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ziwa letu linapata joto, na maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyikani vizuri na yale ya chini yenye rutuba, kwa hiyo vile vimea vidogo vya kijani vya majini ambavyo ndo mwanzo wa chakula cha dagaa vinapungua. Walikadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20 na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kama asilimia 30. Mdogo wangu kashangaa, maana yeye alikuja akiwa na jibu moja tu kichwani, makokoro, zile nyavu za kukokota. Uvuvi uliozidi upo nao na watafiti wanausema sana, ila sio peke yake.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa nini Kiswahili kinaisumbua mashine kuliko Kiingereza. Kiingereza neno linabadilika mkiani. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alitoa kanuni zake za kukata mikia ya maneno, ukikata mkia fishing na fished yanabaki fish, mashine inayaweka kapu moja, imemaliza. Sasa chukua kuvua. Nilivua, tunavua, hawajavua, wanaovua, huvuliwa, mvuvi, wavuvi, uvuvi. Ya kwetu yanabadilika kichwani na mkiani na mpaka katikati. Ukikata mkia bado kichwa ni tofauti, kwa daftari la mashine isiyojua sarufi yetu hayo ni maneno manane yasiyojuana. Tena ukikata hovyo unapata "vua", ambayo ni kuvua samaki na ni kuvua nguo pia, na iko ndani ya mvua! Kuna watu wamehangaika na hili kwa miaka mingi, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili kipande kwa kipande, na huko Helsinki wana hazina ya maandishi ya Kiswahili yenye mamilioni ya maneno. Mashine za siku hizi zinajaribu kukisia maana kwa kuangalia neno linakaa na majirani gani, zinasaidia kweli, lakini zimesoma Kiswahili kidogo sana ukilinganisha na Kiingereza, kwa hiyo mi bado nashauri uandike mwenyewe sura mbili tatu za neno, uvuvi, wavuvi, kuvua, kila moja kivyake uone inaleta nini.

Kitu kingine, maneno hayana uzito sawa. Mama mmoja mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, mwaka 1972 alionyesha kwamba neno likiwa kwenye maandishi machache ndo linakuwa na nguvu ya kutenganisha. "Samaki" liko kila mahali, halikusaidii. "Migebuka" liko kwa wachache, likitokea tu ujue umefika kwetu. Wazo hilo bado liko ndani ya mashine nyingi za kutafutia hadi leo. Na mi huwa namwambia mtu, tafuta neno la ajabu kuliko yote kwenye jambo lako. La ajabu kuliko yote tulilolipata siku ile ni hili, GCP/RAF/271/FIN. Ni namba ya mradi. Miaka ya 90 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliendesha utafiti mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa nchi zote nne, pesa zikitoka Finland, makao yakiwa Bujumbura, na ripoti zao zote zimebandikwa namba hiyo. Tuliiona chini ya ukurasa wa ripoti moja tukainakili kwenye funga semi tukabonyeza. Zikaja ripoti moja baada ya nyingine, nyavu, karabai, bei za dagaa, upepo, halijoto ya maji. Mdogo wangu hakusema kitu, alikuwa anasogeza tu kwa kidole.

Ila usione ni rahisi hivo kila siku. Nyaraka nyingi za zamani ni picha. Mtu kapiga skani karatasi akaiweka, wewe unaona maandishi lakini mashine inaona picha tu kama picha ya harusi, hamna neno hata moja ndani yake mpaka programu ya kusoma herufi iipitie. Na ikiipitia inakosea. Magazeti ya Kijerumani ya zamani yaliyochapwa kwa zile herufi za Fraktur yana s ndefu inayofanana na f, mashine inazichanganya, neno limeshakufa hapo. Unaongeza na majina yaliyobadilika: anayetafuta historia ya Tabora ajue wale wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliandika Kazeh, sio Tabora. Malagarasi wameandika Malagarazi kwa z. Ujiji Wajerumani wameandika Udjidji. Na hii Liemba yetu, ukitafuta Liemba hupati meli ya kabla ya 1927, maana ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapahapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen, wenyewe wakaizamisha 1916, ikaja kuibuliwa na Waingereza. Na hiyo ö wengine wanaiandika oe, wengine o kavu. Majaribio matatu kwa meli moja.

Halafu kuna hatua ya juu zaidi ya kutafuta, kuchimba maandishi. Hapo hutafuti ukurasa wenye jibu, unakusanya kurasa nyingi ambazo hakuna hata mmoja wenye jibu, unaangalia maneno gani yanajirudia na yanaungana wapi. Kisa ninachokipenda kinahusu samaki pia. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago, wala sio daktari, alikuwa mtu wa sayansi ya maktaba, alisoma mafungu mawili ya makala. Fungu moja lilihusu mafuta ya samaki, linasema yanapunguza uzito wa damu, chembe zinapunguza kugandana, mishipa inalegea. Fungu la pili ni ugonjwa wa Raynaud, ule vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi, linasema wagonjwa wana damu nzito, chembe zinagandana, mishipa inabana. Watu wa fungu hili na watu wa lile walikuwa hawasomani kabisa. Yeye akaunganisha kwa maneno ya katikati, akasema basi mafuta ya samaki huenda yakawasaidia hawa. Mwaka 1989 madaktari wakachapisha majaribio, baadhi ya wagonjwa walivumilia baridi vizuri zaidi baada ya kutumia mafuta hayo. Jibu lilikuwa limelala kwenye maktaba vipande viwili, mwenye kuliona hakuwepo.

Hilo unaweza kulifanya kidogo hata na simu. Mdogo wangu alikuwa na ripoti kama kumi na moja zimeshuka. Nikamwambia usisome zote leo, fungua kila moja, nenda kwenye zile nukta tatu, bonyeza tafuta ndani ya faili, andika neno moja tu la Kiingereza la upepo, hesabu limetokea mara ngapi, jaza kwenye daftari. Afu la joto. Afu la kokoro. Alivyomaliza ameona mwenyewe kwamba zinazotaja upepo sana ndo hizohizo zinazotaja maji ya chini kupanda juu, na zile za nyavu ziko peke yake, hazigusi upepo kabisa. Hapo kapata sura mbili za kazi yake na swali la kumuuliza mwalimu.

Kabla hajaondoka nikamwambia weka neno la mwisho, andika Kibirizi. Kaandika. Likatokea kwenye jedwali, ripoti ya miaka kabla hajazaliwa, mwalo wa nyumbani kwao kwenye mstari wake na namba za mitumbwi pembeni. Akaomba chaja.