Kisukari kinavyoumiza figo kupitia mishipa ya damu

"Sukari imehamia kwenye figo." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, msibani na kwenye benchi la kliniki. Husemwa kana kwamba ugonjwa ulikaa mahali pengine, kisha ukafungasha mizigo. Ukweli ni kwamba kisukari huumiza mishipa ya damu ya mwili mzima, na figo zimejaa mishipa.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Kila kichujio kina kishada cha mishipa myembamba iliyosokotana, kinachoitwa glomerulasi. Takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye figo. Kwa siku nzima vishada hivyo huchuja kama lita 180 za majimaji. Karibu zote hurudi mwilini, na lita moja na nusu au mbili ndizo hutoka kama mkojo.

Aliyewahi kushuka Katonga au Kibirizi alfajiri anaujua wavu wa dagaa: maji yapite, dagaa wabaki. Kishada nacho hupitisha maji na taka, kikazuia protini, hasa albumini, isitoke kwenye damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, utando laini wa ndani ya mshipa huumia na ukuta wake hunenepa. Isitoshe, mshipa unaoingiza damu kwenye kishada hutanuka kuliko ule unaoitoa, hivyo msukumo ndani yake hupanda. Mwanzoni figo huchuja kupita kiasi na mtu hahisi lolote. Baadaye albumini huanza kuponyoka, na vishada huota makovu na kuziba kimoja kimoja. Wavu uliochanika hushonwa. Kishada kilichoziba kwa kovu hakishoniki.

Mishipa myembamba ya namna hiyo iko pia nyuma ya jicho, ndiyo maana mgonjwa wa figo mwenye kisukari huambiwa apime na macho. Mishipa mikubwa ya moyo, ubongo na miguu huugua kwa njia yake: mafuta hujijenga kwenye kuta, njia ikasinyaa. Kwa hiyo albumini kwenye mkojo hutoa habari za mwili mzima. Mwenye kisukari anayeivujisha ana hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo na kiharusi, na wengi moyo huwaua kabla hawajafikia kusafishwa damu kwa mashine. Tena figo zikidhoofika hupandisha presha, na presha ikipanda huzidi kuziumiza.

Kipimo chenyewe ni cha mkojo. Albumini hulinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo: chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida, 30 hadi 300 ni onyo la mapema, na zaidi ya 300 ni hatari kubwa. Homa au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuipandisha, kwa hiyo hurudiwa kabla ya kuamua. Kipimo cha kreatinini ya damu peke yake hakitoshi, maana kinaweza kuonekana kizuri wakati figo zimeanza kuumia. Mwenye kisukari cha aina ya 2 anatakiwa kupima mkojo huu tangu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Nawasihi ndugu zangu wasisubiri miguu ivimbe au mkojo utoe povu.

Linaloniuma zaidi ni watu kuacha metfomini, dawa ya kushusha sukari, wakiamini ndiyo inayoua figo. Haiziharibu. Hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo daktari huipunguza au kuisimamisha pale figo zinapokuwa zimedhoofika sana, na mgonjwa akiona hivyo hudhani dawa ndiyo iliyomponza. Za kuogopa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya mgongo, wiki baada ya wiki.

Kuna dawa za presha, kama enalaprili na losatani, ambazo hulegeza ule mshipa wa kutolea damu kwenye kishada, msukumo ukashuka na albumini ikapungua. Ndizo huchaguliwa kwanza kwa mwenye kisukari na presha anayevujisha albumini. Mjamzito hapewi, na anayezianza hupimwa damu tena baada ya wiki chache kuangalia kreatinini na potasiamu.