Marsabit: mambo watu wanayoamini ambayo si kweli

Mtu akisikia Marsabit, mji wa kaskazini mwa Kenya, anawaza mchanga na jua kali, anapaki fulana na kandambili. Jamani bebeni sweta! Mji uko juu mlimani, zaidi ya mita 1,300, asubuhi ukungu unashuka mpaka madereva wanawasha taa, ila ukiteremka tu upande wa jangwa la Kaisut au la Chalbi hapo ndio utalijua joto. Na huo ukungu ndio uhai wa mlima, maana mto wa kudumu hakuna, ukungu unanasa kwenye majani unadondoka matone matone na msitu unakunywa.

Eti hakuna wanyama. Msitu huo ndio ulikuwa nyumbani kwa Ahmed, yule ndovu wa pembe kubwa ambaye Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe mwaka 1970, na wengi husema aliuawa na majangili, si kweli, alikufa kifo cha kawaida 1974 na sanamu yake iko makumbusho ya Nairobi. Lake Paradise, ziwa la humo msituni, nayo ni nzuri sana lakini usidhani ina maji siku zote, ukame ukizidi inakauka.

Barabara? Zile hadithi za kupanda lori juu ya mizigo siku mbili ni za zamani, siku hizi ni lami kutoka Isiolo mpaka Moyale, basi zinapita. Kuhusu usalama sitadanganya mtu, mapigano ya jamii yamewahi kutokea na 2022 serikali iliweka kafyu, kwa hivyo piga simu uulize wenyeji hali ikoje kabla hujatoka, lakini kusema huko ni vita kila siku ni kuwaonea watu wakarimu sana.

Kosa lingine ni kudhani Ziwa Turkana liko hapo karibu kwa sababu ni kaunti moja. Kwenda Loiyangalani, mji ulio kando ya ziwa hilo, ni safari ya kutwa, njia ni mawe, na mvua ikinyesha Chalbi inageuka tope la chumvi, gari linazama hapo hapo.

Halafu visima vya kuimba vya Ulanula. Wageni wanadhani ni shoo ya watalii. Hapana, ni kazi. Vijana wa Kiborana wanasimama kwenye ngazi za kisima mmoja juu ya mwingine, ndoo inarushwa mkono kwa mkono na wimbo ndio unawapa mwendo, mifugo inangoja juu na kiu yake. Nenda wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha hutakuta mtu, na uongee na wenye kisima kwanza kabla hujatoa simu kupiga picha.