Kupima damu kwa njia ya mwanga: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Tangu Ebola ilipofika Goma mwezi Julai 2019, wakaaji wa mji huu wanajua uzito wa kungoja jibu la maabara. Ndiyo maana habari za kihisio kidogo kinachopima damu kwa mwanga hupokelewa kwa matumaini, pamoja na dhana kadhaa zinazostahili kusahihishwa.

Wengi hudhani kwamba mwanga huo hupenya tone la damu na kuviona virusi kama kwenye hadubini. Sivyo. Mwanga hupita ndani ya mfereji mwembamba wa kioo au silikoni nitraidi (aina ya kauri), damu ikiwa juu yake, na kwa kuwa mfereji huo huupinda mwanga kuliko maji yanavyoupinda, mwanga huakisiwa ndani kwa ndani bila kutoroka, isipokuwa sehemu ndogo inayochomoza nje ya uso wake kiasi cha nanomita 100 hadi 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kisha ikafifia. Kisichofika kwenye uso huo hakipimwi. Kirusi cha Ebola, chenye upana wa nanomita 80 hivi, kikilala hapo huhisiwa vizuri. Bakteria wa kipindupindu, kwa ukubwa wake, huhisiwa upande mmoja tu.

Dhana ambayo kwangu ndiyo ya hatari zaidi ni kwamba mwanga hutambua ugonjwa. Wenye kutambua ni kingamwili (protini zinazonasa kijidudu fulani), au vipande vya DNA, vilivyobandikwa juu ya mfereji: vikinasa vinachokitafuta, mwendo wa mwanga hubadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalopimwa. Kingamwili zikiharibiwa na joto njiani, kifaa kipya kabisa kitatoa jibu la uongo. Tena albumini, protini ya kawaida ya damu, hunata ovyo, na joto la sampuli likipanda kwa nyuzi 1 tu, badiliko linaweza kuzidi lile la ugonjwa wenyewe. Ndiyo sababu vifaa vizuri huwa na mfereji wa pili usio na kingamwili, wa kulinganishia.

Wapo pia wanaosema kwamba PCR, kipimo cha maabara kinachotumika kutafuta virusi, haitahitajika tena. PCR hunakili chembe za urithi za kirusi mara mamilioni kabla ya kuzipima, ilhali kihisio cha mwanga, kikitumika peke yake, hupima kile tu kilichomo katika tone. Hivyo mgonjwa wa siku za kwanza, mwenye virusi vichache, anaweza kukipita bila kugunduliwa.